Kitufe Namba Saba

Kitufe namba saba kilihama siku ya Jumanne, kabla ya chai ya saa nne. Hakikuhama chenyewe. Mlinzi mmoja mrefu, ambaye wenzake walimpachika jina la Twiga tangu siku yake ya kwanza kazini, alipanda vidato mia moja na kumi na nane nyuma ya ghala akiwa na bisibisi mfukoni. Akafungua skurubu nne, akateremka na kitufe mkononi, akakifunga upya kwenye nguzo ya taa iliyo chini kabisa ya ngazi. Kazi yote haikuzidi nusu saa. Alipomaliza alirudi kwenye kibanda cha lango, akaosha mikono, akamgeukia mwanamke aliyekuwa amekaa kwenye benchi, mguu wake wa kulia umenyooshwa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Shangazi," alisema, "mlima wako nimeushusha."

Mwanamke huyo hakuwa shangazi wa damu wa mtu yeyote pale. Alikuwa mlinzi wa lango, umri miaka hamsini na tisa, na kwa miaka ishirini na saba alikuwa amewafungulia lango wakurugenzi sita na kuwafungia watano. Jina la Shangazi alilipata kwa sababu ya kuuliza. Humpiti bila kuulizwa mtoto anaendeleaje, kama homa imepungua, na kile kitambulisho kilichofifia picha utakibadilisha lini. Siku ile hakuuliza kitu. Alimtazama Twiga, akatazama goti lake, akasema, "Mungu akubariki, mwanangu."

Baadaye alikumbuka kwamba alisema hivyo haraka mno.

Mahali penyewe wenye ofisi wanapaita Kituo, na majirani wanapaita Kwa Mionzi. Ni mali ya serikali, chini ya mamlaka inayoshughulikia nishati ya nyuklia. Kuna jengo la ofisi, kuna maabara, na kuna ghala. Ghala limechimbiwa nusu ndani ya kilima, na kuta zake za zege zina unene wa mita moja. Humo ndimo vinamohifadhiwa vyanzo vya mionzi vilivyostaafishwa: vya mashine za hospitali zilizokuwa zikitibu saratani, vya viwanda vilivyokuwa vikipimia unene wa mabati, vya wajenzi wa barabara waliokuwa wakipimia udongo. Vingine havizidi ukubwa wa kidole gumba. Kila kimoja kimefungwa ndani ya kasha zito la madini ya risasi. Wataalamu humwambia kila mlinzi mpya kwamba vitu hivyo vimechoka kwa kazi tu, kwa madhara havijachoka. Mtu akikipasua kasha kwa nyundo akidhani amepata chuma cha kuuza, anaweza kuwaua watu wa nyumba yake kabla hajajua kinachowaua ni nini.

Ndiyo maana kuna doria. Kuzunguka eneo lote kuna nguzo kumi na moja, na kila nguzo ina kitufe cha chuma cha ukubwa wa sarafu. Mlinzi huzunguka na kifaa cha kusomea ambacho wao hukiita kirungu. Akikigusisha kwenye kitufe, kinalia mara moja, kinawaka kijani, na saa ile inaingia kwenye kumbukumbu. Mwisho wa zamu kirungu huchomekwa kwenye kompyuta na taarifa zote zinakwenda makao makuu. Walioubuni mfumo huo walitaka kuwa na hakika kwamba mlinzi amefika. Kwamba na kitufe nacho kinaweza kuteremka kumfuata mlinzi hawakuliwaza.

Namba saba ndiyo ilikuwa mbali kuliko zote. Ilikuwa juu, nyuma ya ghala, pale paa la zege linapokutana na kilima, karibu na tundu la hewa lililozibwa kwa fito za chuma. Katika msimu wa mvua uliotangulia Shangazi aliteleza kwenye kidato cha tisini akaangukia goti. Alikaa pale amejikunja mpaka Twiga alipoona mzunguko umechelewa, akamfuata, akamteremsha mgongoni kama gunia. Daktari alipiga picha, akasema gegedu limelika, akaandika barua kwamba mgonjwa asipande ngazi ndefu. Barua hiyo Shangazi hakuipeleka kazini. Kwa kanuni za Kituo, mlinzi asiyeweza kufanya doria hafai kwa kazi, na asiyefaa kwa kazi huondolewa. Alikuwa amebakiza chini ya mwaka kustaafu kwa heshima. Barua ya daktari ikalala chini ya godoro.

Twiga alikihamisha kitufe kwa sababu ya goti hilo. Lakini wiki ya pili mlinzi wa zamu nyingine akagundua. Badala ya kupiga kelele, alicheka, akagusa kirungu kwenye nguzo ya taa, akaendelea na namba nane. Wiki ya tatu walijua wote. Mkuu wa zamu, mwanajeshi mstaafu ambaye kila mtu alimwita Afande, alisimama mbele ya kitufe kile kwa muda wa kuvuta sigara nzima, kisha akasema, "Mimi macho yangu ya karibu yamekufa. Sioni kitu hapa." Goti lilikuwa la mtu mmoja, lakini waliopumzika walikuwa kumi na wawili.

Ikapita miezi mitano.

*

Mhandisi alikuja Jumatatu, na gari la makao makuu likamwacha langoni na kuondoka. Alikuwa msichana wa miaka thelathini hivi, mwenye begi la kompyuta na viatu vya kazi ambavyo, tofauti na vya wakubwa wengi wanaotembelea Kituo, vilikuwa na tope la kweli. Kazi yake ilikuwa kuandika mpango mpya wa ulinzi. Makao makuu yalikuwa yameidhinisha vifaa vipya: kamera nane, vihisi vya kwenye uzio, kadi za kufungulia milango, na chumba cha kutazamia chenye skrini. Alikuwa na siku nne. Ijumaa mpango ulikuwa uwe mezani kwa mkurugenzi, utiwe sahihi.

"Kamera nane ni chache," aliwaambia walinzi wanne wa zamu ya asubuhi, akiwa amekunjua ramani juu ya meza ya kibandani na kuikandamiza kwa vikombe vyao vya chai. "Kwa hiyo sitaziweka mahali ambapo nyinyi mpo. Nitaziweka mahali ambapo hampo. Nyinyi ndio mtakaonionyesha."

"Mimi nipo kila mahali, Injinia," alisema Twiga. "Shingo hii unaiona? Niliombwa na serikali."

Hata Afande alicheka. Mhandisi naye alicheka, akaweka kidole kwenye ramani, nyuma ya ghala.

"Nataka kupanda hapa."

Afande alikohoa. "Hapo pagumu, Injinia. Ngazi imeota utelezi, tunasubiri mafundi waje waisugue. Ukivunjika mguu huku mikononi mwangu, nitaenda kusema nini? Picha zipo. Za mwaka jana, lakini kilima hakijaondoka."

Alimwonyesha picha. Zilikuwa picha nzuri. Mhandisi alizitazama moja moja, akaandika kitu, kisha akainua macho. Kati ya wote waliokuwa pale alimchagua mwanamke mwenye umri wa mama yake.

"Mama, wewe unapanda kila siku. Kule juu kukoje?"

Kila mmoja mle kibandani akapata shughuli. Twiga alianza kutafuta kijiko. Afande aligeukia dirisha.

"Kwema tu," alisema Shangazi.

"Uzio?"

"Mzima."

"Kila zamu mizunguko minne, na kila mzunguko mnafika?"

"Kirungu si kinaonyesha, mwanangu?"

"Kinaonyesha," alisema Mhandisi, na akachora mstari kwenye karatasi. "Basi huku nyuma sihitaji kamera. Ile ya nane nitaipeleka maegesho ya magari."

Shangazi aliona kalamu inavyofuta kialama kidogo cha pembetatu nyuma ya ghala na kukiandika upya mbele, karibu na magari. Mkono wa binti wa watu haukusita hata kidogo.

*

Mumewe ni fundi cherehani. Mashine yake ipo sebuleni, karibu na dirisha, na kwa sababu muda mwingi ana pini mdomoni, kwa miaka thelathini na nne ya ndoa amezoea kuongea kwa kubana meno. Jumatano jioni, jua bado lipo, alikuwa akipunguza kiuno cha suruali ya jirani. Mkewe alikaa kwenye kochi, goti limezungushiwa taulo la maji ya moto.

"Nimedanganya juzi," alisema Shangazi.

"Umemdanganya nani?"

"Mtoto wa watu. Kaniuliza kule juu kukoje, nikamwambia kwema. Baba, mimi kule sijafika miezi mitano. Hakuna aliyefika."

Cherehani ilisimama. "Na huko juu kuna nini?"

"Ndiyo nakwambia, sijui! Ningejua ningelala. Mvua zote hizi zimepita. Na yule binti ameondoa kamera, anasema sisi tupo. Keshokutwa wanatia sahihi. Wataandika kwenye karatasi ya serikali kwamba kule kuna macho. Macho ya nani?"

"Si Twiga aliyehamisha?"

"Kwa goti la nani?"

Fundi alitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa alichofunga mkononi. Hilo hulifanya akitaka maneno yake yasikike sawasawa.

"Mama, umebakiza miezi minne. Miezi minne tu, halafu unakaa kwenye kochi hilo unanisumbua kwa nini suruali za watu hazijaisha. Ukifungua mdomo kesho, watauliza wewe mwenyewe ulikuwa wapi. Watakuta na ile barua uliyoilalia. Na hao wenzako wote, watoto wao wanakula nini?"

"Najua."

"Sasa unataka nikwambie nini? Niseme nenda, halafu ukirudi na barua ya kufukuzwa useme mume wangu alinituma?"

"Nataka uninyamazie."

"Basi nimenyamaza."

Hakumaliza hata dakika moja. "Si lazima useme kwanza," alisema. "Kaangalie kwanza. Pengine kwema kweli. Ukikuta kwema, utakuwa hukudanganya, utakuwa ulitangulia tu kusema."

Shangazi alicheka bila kupenda. Mumewe aliitupa suruali ya jirani kando, akavuta kipande cha kitambaa kizito cha kuvutika kilichobaki kwenye nguo za michezo za shule, akampima mkewe goti kwa futikamba, juu na chini, akaanza kushona. Kabla taa hazijawashwa alikuwa amemaliza soksi fupi ya goti yenye mishono mitatu pembeni, imebana kama inavyotakiwa. Mkewe aliivaa, akatembea nayo hadi mlangoni na kurudi.

"Imekaa?" aliuliza fundi.

"Imekaa."

"Ukifika kidato cha tisini, shika nyasi."

*

Alhamisi, saa tano kasoro robo asubuhi, Shangazi alichukua kirungu kutoka kwenye ndoano.

"Mzunguko huu ni wangu," alisema Twiga.

"Nimeuchukua."

"Haya. Lakini usihangaike, Shangazi. Saba iko chini."

"Najua iliko."

Aligusa moja, mbili, tatu, akafuata uzio wa mbele. Nne na tano zipo kando ya maabara. Sita ipo kwenye kona ya ghala. Alipofika chini ya ngazi alikiona kitufe kwenye nguzo ya taa, king'avu kwa kuguswaguswa. Hakukigusa. Aliinua mguu wa kushoto, akauvuta wa kulia, akahesabu moja.

Vidato ishirini vya kwanza vilikuwa safi, kwa sababu mtunza bustani hufagia hadi hapo. Kutoka hapo majani yalikuwa yamejaa kwenye nyufa, na mbele zaidi yalikuwa marefu kupita buti. Kila kidato kilikuwa kinamshitaki. Ngazi inayokanyagwa mara kumi na mbili kwa siku haioti nyasi. Kwenye kidato cha thelathini alipumzika. Kwenye cha sitini alikaa kabisa, akatoa kitambaa akajifuta shingo. Goti lilikuwa linamuuma kwa namna ya kawaida, maumivu anayoyajua na kuzoeana nayo. Kwenye cha tisini alishika nyasi kwa mikono miwili, akapita pale alipoangukia bila kupatazama.

Juu alikuta nguzo ya namba saba imesimama na matundu manne matupu ya skurubu. Buibui alikuwa amefunga wavu wake hapo.

Akatazama uzio.

Mvua zilikuwa zimechimba mfereji chini yake. Kwa mbali ungedhani ni kivuli, lakini aliposogea aliona udongo umeondoka kiasi cha mtu mzima kupita kwa tumbo. Na mtu alikuwa amepita. Ndani ya mfereji kulikuwa na kipande cha boksi kilichotandikwa ili nguo zisichafuke, na kwenye ncha ya waya kulikuwa na uzi wa bluu. Upande wa pili wa uzio kilima kinateremka hadi kwenye yadi ya vyuma chakavu. Nyundo zilikuwa zikisikika zikigonga, tena kwa utulivu, kama za mahali popote penye kazi ya halali.

Aligeuka polepole kuelekea tundu la hewa. Zile fito za chuma zinashikiliwa na bolti nne kubwa. Bolti mbili hazikuwepo. Ya tatu ilikuwa imelegezwa hadi nusu, na mahali spana ilipong'ata palikuwa peupe, bado hapajashika kutu.

Alifikiri, kama alivyosimulia baadaye, mambo mawili tu. La kwanza, kwamba angeweza kuteremka, akamwita Twiga, wakarudishe kitufe na kujaza mfereji kwa mawe, na hakuna angejua. La pili, kwamba bolti ya nne ilikuwa imebaki peke yake.

Akatoa redio ya upepo kiunoni.

"Lango, hapa doria."

"Sema, doria," ilijibu sauti ya Afande.

"Niko saba. Nahitaji watu waje sasa hivi. Uzio umepitwa chini na tundu la hewa limefunguliwa bolti mbili."

"Doria, rudia. Uko wapi?"

"Saba."

"Saba..." Afande alikuwa anajua kwamba redio hiyo inasikika hadi chumba cha mikutano, ambako Mhandisi alikuwa na makaratasi yake. "Saba ipi?"

"Ya juu, Afande. Saba ni moja tu. Ya juu."

*

Mhandisi alifika wa kwanza, anahema, magoti ya suruali yamejaa tope kwa sababu alianguka mara moja na hakujali. Twiga alimfuata, na nyuma yao Afande, ambaye rangi ya uso wake ilikuwa imebadilika. Mhandisi alipiga magoti kwenye tundu la hewa, akamulika ndani kwa tochi ya simu, akapima mionzi kwa kifaa kidogo alichokitoa mfukoni, akatikisa kichwa kwa ahueni. Kisha akaona nguzo.

"Kitufe kiko wapi?"

Twiga alifungua mdomo. Shangazi alimwahi.

"Kiko chini, kwenye nguzo ya taa. Kina miezi mitano huko. Kiliteremshwa kwa ajili ya goti langu, nami nikashukuru, nikanyamaza. Jumatatu uliniuliza kule juu kukoje. Nilikwambia kwema. Sikuwa nimefika huko."

"Mimi ndiye niliyekishusha," alisema Twiga. "Kwa bisibisi yangu. Asijibebeshe peke yake huyu."

"Hapana, tusikimbilie kusema mambo mengi hapa," alianza Afande. "Cha msingi doria imegundua tatizo, tunaandika kwamba katika doria ya kawaida..."

"Afande," alisema Shangazi, wala hakuinua sauti, "kawaida ipi?"

Mhandisi alikaa juu ya zege. Alichosema hakuna aliyekitarajia.

"Niliona," alisema. "Kwenye kompyuta. Kutoka sita hadi saba mnatumia dakika moja. Kila zamu, kila siku. Ngazi hii mimi sasa hivi nimeipanda kwa dakika tatu na nimekimbia. Niliona dakika moja, nikaandika pembeni kwamba saa ya kirungu ina hitilafu, ikatengenezwe." Akajifuta tope mkononi, halikutoka. "Ilikuwa rahisi kuishuku mashine."

Twiga alikaa naye juu ya zege.

Mchana ule wataalamu walifungua ghala wakahesabu makasha yote mbele ya polisi. Hakuna lililokosekana. Aliyekuwa akifungua bolti hakupatikana. Polisi walizunguka ile yadi ya vyuma chakavu siku mbili, na kila mtu pale alikuwa na nguo ya bluu. Huenda alikuwa na haja na fito tu, chuma kizuri cha kupimwa kwenye mizani, wala hakujua nyuma yake kuna nini. Wataalamu walisema huyo asiyejua ndiye anayewanyima usingizi.

Ijumaa mpango haukutiwa sahihi. Ulitiwa wiki tatu baadaye, na ulikuwa mpango mwingine. Kamera ya nane ilirudi nyuma ya ghala. Kihisi kiliwekwa kwenye tundu la hewa, mfereji ukazibwa kwa zege, na ngazi ikawekewa kishikio cha chuma pande zote mbili. Kitufe namba saba kilirudishwa juu, safari hii kwa kuchomelewa. Na Mhandisi alipigania vifungu viwili hadi mkurugenzi akachoka kumsikia. Kimoja kinasema anayeandika mpango wa ulinzi wa kituo chochote ataitembea njia ya doria kwa miguu yake, yote, picha hazikubaliki. Cha pili kinasema mlinzi mwenye barua ya daktari hataondolewa. Atapangiwa chumba cha skrini. "Mlinzi anayeficha goti," aliandika, "ni pengo kubwa kuliko uzio uliopasuka, na pengo hilo tulilichimba wenyewe."

Hii haimaanishi kwamba mambo yalikwisha kwa makofi. Afande alihamishiwa kituo kingine, mbali na familia yake, na hakuja kuaga. Walinzi kumi na mmoja waliobaki walipata barua za onyo, Shangazi akiwemo. Twiga alipoteza na likizo yake. Mlinzi mmoja wa zamu ya usiku alimwambia Shangazi langoni, mbele ya watu, "Umetuuza." Shangazi alimjibu, "Nilianza kwa kujiuza mwenyewe," lakini alipofika nyumbani alilia, na mumewe aliacha suruali ya mtu ikiungua chini ya pasi.

"Miaka ishirini na saba, onyo moja," fundi alimwambia akipuliza moshi. "Mimi humu ndani nimepewa mangapi?"

Ile barua ya daktari ilitolewa chini ya godoro, imekunjamana, ikapelekwa. Shangazi alimalizia miezi yake akiwa kwenye kiti chenye magurudumu madogo, mbele ya skrini nane, mguu umenyooshwa juu ya ile ile ndoo iliyopinduliwa, ambayo alikataa ibadilishwe na stuli.

Wiki yake ya mwisho, siku ya Jumanne, saa tano asubuhi, alimwona Twiga kwenye skrini ya nane akipanda. Alipofika katikati, alikaa.

"Kidato cha sitini hakina kitufe, Twiga," Shangazi alisema kwenye redio.

"Shangazi, nihurumie. Miguu mirefu inachoka mara mbili."

"Panda, mwanangu. Nakuona."

Alipanda. Kwenye skrini alionekana akifika kwenye nguzo, akainama, akagusisha kirungu. Kwa mfumo mpya, taa ya kijani iliwaka kwenye meza ya Shangazi papo hapo. Kompyuta iliandika saa, yenyewe, bila kukosea. Shangazi naye aliishika kalamu na daftari la matukio, akabonyeza redio tena.

"Kule juu kukoje?"

Twiga aliinua redio mdomoni ili ajibu, kisha akaishusha.

"Subiri," alisema. "Niangalie kwanza."

Alimwona akienda hadi kwenye uzio, akichuchumaa, akipapasa zege kwa kiganja. Alimwona akirudi kwenye tundu la hewa na kuhesabu bolti kwa kidole, moja, mbili, tatu, nne. Shangazi alikuwa anaviona vyote hivyo vizuri kabisa kwenye skrini. Hata hivyo hakuandika neno. Alishika kalamu, akangoja aambiwe.